Ushahidi wa Mtani

Nassibu mchoma chokaa alikuwa mtu wa maneno mengi, na Mchinga nzima ilimjua hivyo. Akisimama njiani kumsalimu mtu, wali huko nyumbani kwake ulikuwa na nafasi ya kuiva, kuungua na kutupwa. Lakini tangu askari wa boma amletee barua, zilipita siku nane asimtanie mtu yeyote. Mwahija, mkewe, alimsikia kule kwenye tanuri la chokaa akisema peke yake, maneno yaleyale, kama mtoto wa chuoni anayehofia fimbo: "Alizaliwa hapa. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyechota maji." Mwahija akamchemshia mwarobaini, akidhani ni homa.

Haikuwa homa. Barua ilitoka kwa bwana shauri wa Lindi, mzungu kijana aliyeletwa mwaka huo wa hamsini na moja, na karani wa jumbe aliisoma mara tatu ili isibaki shaka. Damiani, mkata mkonge, yuko rumande. Nassibu afike boma Jumatano, atoe ushahidi Damiani alizaliwa wapi. Ikithibitika kuwa ni mzaliwa wa Tanganyika, ataachiwa arudi kwa mkewe. Ikithibitika kuwa alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno, atapakiwa kwenye lori arudishwe huko, na asikanyage tena upande huu.

Kurudishwa kwa Mreno halikuwa jambo la kusema ukacheka. Kila Mmakonde aliyevuka mto kuja huku alikuwa na habari zake, na zote zilikuwa na kamba ndani yake: watu kukamatwa vijijini, kufungwa, kupelekwa kulima barabara miezi na miezi bila ujira. Wengine walirudi makwao, wengine hawakurudi. Baba yake Damiani alizikimbia kamba hizo, na sasa karatasi ilitaka kumrudisha mwanawe kwenye kamba ambazo hajapata kuziona.

Na kosa lake lilikuwa nini? Unga. Shamba la mkonge alikofanya kazi, upande wa Mingoyo, lilitoa posho ya unga uliokwisha kuota wadudu, na wakataji walipochoka kunung'unika chini kwa chini, walimsukuma Damiani mbele akaseme. Akasema, tena kwa adabu, kofia mkononi. Msimamizi hakumpiga. Aliomba kuona kipande chake tu, kile kikaratasi cha kuhesabia siku za kazi, akakisoma, akacheka kidogo, akakitia mfukoni. Wiki ileile Damiani akakamatwa.

Kwenye kipande paliandikwa kwamba yeye ni mtu wa Mreno. Aliyeandika ni karani wa shamba, siku Damiani alipoajiriwa, na wala hakumuuliza. Alimtazama usoni tu, akaona zile chale za mashavuni alizochanjwa na mama yake kwa desturi ya kwao, akajaza. Kwa miaka kumi na moja karatasi ile ilikaa mfukoni mwa Damiani ikimsema uwongo, naye alikuwa akiitunza isilowe, maana hakujua kusoma.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Mama yake alivuka Ruvuma akiwa na tumbo, akatembea na mumewe mpaka Mchinga, na uchungu ukamshika uani kwa mama yake Nassibu. Nassibu alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Akatumwa maji, akachota, akarudi akasikia kilio cha mtoto. Mkunga alikwisha kufa. Mama yake Nassibu alikwisha kufa. Wazazi wa Damiani nao, mmoja baada ya mwingine, walizikwa hapohapo Mchinga. Misheni palikuwa na kitabu, lakini Damiani alibatizwa akiwa mtu mzima, mwezi mmoja kabla ya kumwoa Romana, na padre aliacha wazi mahali pa kuandika alikozaliwa. Chini ya jua hili alikuwa amebaki mtu mmoja aliyejua kwa macho na masikio yake, naye ndiye huyo aliyekuwa akinyweshwa mwarobaini.

Tena huyo alikuwa mtani wake.

Asiyejua utani wa watu wa huku atasema ni mzaha, na atakuwa amekosa. Watu wa kwao Nassibu na watu wa kwao Damiani walikuwa watani tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Nassibu aliweza kuingia nyumbani kwa Damiani akakamata jogoo, akaondoka naye kwapani bila kuaga, na mwenye jogoo haruhusiwi kukasirika. Damiani, mdogo kwake kwa miaka kumi, hakupata kumwamkia Nassibu shikamoo hata siku moja. Alimwita mtumwa wangu, naye Nassibu alimwita vivyo hivyo, na Romana akaitwa mke wangu mbele ya mumewe, naye akajibu kwamba hataki mume mkavu anayenuka chokaa. Ndugu wa damu wanaweza kununiana miaka. Watani hawawezi. Matusi yao ndiyo salamu, na salamu ikikosekana, hapo ndipo mtu hushtuka.

Jumanne alasiri Romana alikuja Mchinga. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na shamba lilikwisha kumtoa kwenye chumba cha kambini, kwa kuwa mumewe hayumo tena kazini. Mwahija akamtandikia mkeka, akamtilia uji. Romana hakuunywa. Alimwita Nassibu akaja akakaa naye kizingitini.

"Mjomba Tomaso ametoka kijijini jana," alisema. "Amesema Damiani akipelekwa ng'ambo, mimi siendi. Nikienda, ukoo umenitupa."

Nassibu alimwelewa. Kwa Wamwera, watu wa kwao Romana, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba halipingwi kirahisi.

"Kwa hiyo ni wewe," Romana alisema. "Mimi sina mtu mwingine. Ukisema vizuri kesho, mtoto huyu atamjua baba yake. Basi ni hilo tu."

"Nitasema vizuri, mke wangu."

"Na usile maharage leo. Usije ukamtolea mzungu ushahidi wa upande mwingine."

Wakacheka wote wawili, na Romana akaweza kunywa uji. Jambo hilo Nassibu alilikumbuka sana baadaye, kwamba utani ndio uliomfanya ale.

Boma la Lindi lilikuwa na baraza pana inayotazama bahari, na Jumatano ile ilikuwa imejaa watu wa mashauri mbalimbali. Bwana shauri alikaa nyuma ya meza ndogo. Alikuwa na uso mwekundu wa mtu asiyevaa kofia inavyotakiwa, na alikifahamu Kiswahili kweli, si kile cha kuamrisha mpishi. Alikuwa amekisoma, akafanya mtihani, akafaulu, na alijivunia. Kwa sababu hiyo hakutaka kutafsiriwa. Karani wake, Valentini, mtu wa Ndanda, aliambiwa akae pembeni asifungue mdomo mpaka aulizwe.

Tuseme haki: hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia Nassibu kiti. Alimsubiri atie udhu kwenye bomba la uani kabla ya kushika msahafu. Nassibu akaapa wallahi kwamba atasema kweli, kisha akakaa. Maneno yake yote aliyoyafanyia mazoezi kule kwenye tanuri yalikuwa yamejipanga kichwani. Angeanza na jina la mama yake. Angesema mwaka, ule uliofuata baada ya Mdachi kuondoka Lindi. Angesema mtungi, na kisima, na kilio.

Ndipo askari akamleta Damiani.

Walikuwa wamemnyoa kichwa. Kaptura ya rumande ilimpwaya, na miguu yake, ile miguu iliyokuwa ikicheza ngoma mpaka vumbi likapanda juu ya migomba, ilijikokota. Alikaa chini palipoonyeshwa, akatazama sakafu. Hakumtazama Nassibu wala Romana aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, mkono tumboni. Alikuwa kama mtu ambaye amekwisha kusikia hukumu yake.

Moyo wa Nassibu ulipasuka. Na hapa inafaa kueleza, maana kila kitu kinatoka hapa. Mtani akimkuta mtani wake taabani hamfanyii uso wa huruma. Kumhurumia waziwazi ni kumwambia kwamba amekwisha, kwamba hata mimi nimekata tamaa nawe. Humtukana kwanza. Akijibu, basi yu hai, na mambo mengine yanaweza kufuata. Hivyo ndivyo Nassibu alivyolelewa, na baba yake, na babu yake, na kwake yeye jambo hilo halikuwa na uhusiano wowote na ushahidi. Ilikuwa salamu. Ushahidi ungekuja baada ya salamu, kama kila jambo la maana linavyokuja.

"Nassibu," bwana shauri akasema, "unamjua mtu huyu?"

"Huyu?" Nassibu akamtazama Damiani juu mpaka chini. "Namjua, bwana. Huyu ni mtu wa kuja. Katoka huko kwa Wareno na njaa yake, sisi tukamhurumia."

Askari wa mlangoni akaguna kwa kicheko. Watu wa barazani wakageuka. Damiani akainua kichwa polepole.

"Ulimwona alipokuja?"

"Kwa macho yangu haya, bwana. Alikuja kwa miguu yake, na alipofika tu akaanza kuiba mihogo ya watu."

Baraza zima likacheka sasa, na Damiani akacheka. Meno yake yakaonekana kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na kule kwenye ngazi Romana akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akicheka naye. Nassibu alijisikia kama aliyemvuta mtu kutoka kisimani.

Bwana shauri naye alitabasamu. Alikuwa akiandika.

"Damiani," akasema, "haya anayosema ni kweli?"

Na Damiani, aliyekaa wiki tano kwenye chumba cha saruji bila mtu wa kumtukana kwa upendo, akajibu kama alivyotakiwa kujibu. "Kweli, bwana. Nilitoka kwa Wareno, na nilipofika hapa nilimkuta mtumwa huyu amefungwa kwenye mnazi, wenzake wanamchapa kwa wizi wa nazi. Mimi ndiye niliyemfungua."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Mnazi Mmoja, aliyekuja kwa shauri la mpaka wa shamba, alisema hajasikia jibu zuri kama hilo tangu mwaka uanze. Bwana shauri akamaliza mstari wake, akatia nukta, akaweka kalamu.

Nassibu akarekebisha kofia yake, akafuta uso kwa kiganja, na kicheko kikamtoka usoni. Alikaa wima. "Sasa, bwana," alisema, "kwa ruhusa yako, nianze ushahidi."

"Umekwisha," bwana shauri akasema. "Ahsante. Umesema waziwazi."

Nassibu hakuelewa. Alimtazama Valentini, na Valentini alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe. Alimtazama Damiani, na Damiani alikuwa bado na mabaki ya kicheko, yakimkauka mdomoni.

"Bwana, ule ulikuwa utani."

"Utani ni mzaha," bwana shauri akasema. Neno alilijua, lilikuwa kwenye kitabu chake.

"Si mzaha, bwana. Huyu ni mtani wangu. Mimi lazima nimsalimu hivyo. Alizaliwa kwetu, uani kwa mama yangu, mimi nilichota maji..."

"Uliapa kwa kitabu chako kwamba utasema kweli. Nikakuuliza unamjua, ukasema anatoka kwa Wareno. Nikakuuliza ulimwona, ukasema kwa macho yako. Nikamuuliza yeye mwenyewe, akakubali. Hakuna aliyewalazimisha. Mlikuwa mnacheka." Alisema haya bila ukali, kwa masikitiko hata. "Sasa umeona matokeo yake, unataka kubadili maneno ili umsaidie rafiki yako. Naelewa. Lakini nitaamini maneno yapi?"

"Ya pili, bwana."

"Kama ya kwanza ni uwongo, umeapa uwongo, na hilo ni kifungo."

"Nifunge," Nassibu akasema. Alikuwa ameteremka kitini, amepiga magoti. "Nifunge mimi, bwana. Andika kwamba nimeapa uwongo, unifunge miaka unayotaka, lakini uandike na ya pili. Alizaliwa Mchinga. Wallahi alizaliwa Mchinga."

Wale waliopiga makofi walikuwa wakitazama miguu yao, na yule mzee wa shauri la mpaka aliondoka akaenda kusimama mbali. Bwana shauri alikisoma tena alichoandika. Kisha akakifunika.

"Sitakufunga," alisema. Aliona kwamba anamfanyia hisani.

Valentini alimfuata Nassibu mpaka nje ya ua wa boma, akitazama nyuma yake. Nassibu alimshika mkono wa shati.

"Wewe ulijua. Wewe ni mtu wa Ndanda, una watani wako. Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nisiseme mpaka niulizwe," Valentini alisema. "Hakuniuliza." "Nitamwambia jioni, akiwa peke yake. Nitajaribu."

Alijaribu, tukubali hilo. Bwana shauri alimsikiliza akiwa anakunywa chai, akasema desturi ni jambo la kupendeza na angependa siku moja aandikiwe habari zake, lakini hukumu haiwezi kujengwa juu ya desturi, na kipande cha shamba kinasema vilevile. Jumbe wa Mchinga akaandika barua. Padre akaandika barua. Nassibu alikwenda Lindi kwa miguu mara nne, akakaa kwenye ngazi za boma toka asubuhi mpaka bendera inashushwa, na mara zote nne aliambiwa shauri limefungwa. Chokaa yake iliharibika tanurini, nusu mbichi, nusu jivu. Hakuijali.

Kilichomla zaidi ni kwamba hakuna aliyemlaumu. Mwahija alisema ni kudra. Majirani walisema ni mzungu. Usiposhitakiwa hupati hata mahali pa kujitetea, na Nassibu alitembea kijijini na hatia yake kama mtu aliyebeba mzigo ambao hakuna anayetaka kumtua.

Siku ya kuondoka, lori la serikali lilisimama Mingoyo kwenye njia panda, likachukua maji na watu wengine watatu. Romana alikuwapo na mjomba wake Tomaso, mzee mrefu aliyemshika mkono juu ya kiwiko tangu asubuhi na hakuuachia. Romana hakupiga kelele. Alisukuma tu, kwa nguvu zote za mwili wake mzito, kuelekea kwenye lori, na mjomba akamzuia tu. Walibaki wakisukumana hivyo bila maneno, na watu wakaona haya kutazama.

Damiani alikaa nyuma ya lori, mgongo kwenye ubao. Alimtazama mkewe muda mrefu. Kisha akamwona Nassibu, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya watu.

"Wewe mtumwa," Damiani aliita. "Umeona vizuri sasa? Unanirudisha kwetu kwa lori, na wewe umekuja kwa miguu. Nani bwana hapo?"

Alikuwa anacheka. Sauti haikuwa nzuri, ilikuwa imekwaruza, lakini alikuwa anacheka, na kila aliyekuwapo alielewa anachofanya. Alikuwa anamsamehe. Alikuwa anamwambia, kwa njia pekee waliyokuwa nayo wawili wale, kwamba hakuna kilichovunjika kati yao. Kilichotakiwa ni jibu. Neno lolote, tusi lolote la kijinga, juu ya mihogo, juu ya Wareno, juu ya kichwa chake kilichonyolewa.

Nassibu alifungua mdomo. Maisha yake yote hakupata kukosa jibu. Sasa alitafuta, akakuta mna kitu kimoja tu kinywani mwake, nacho ni kile alichokisema barazani, *mtu wa kuja*, na akaogopa kwamba akiachia sauti itoke, kitatoka hicho. Akafunga mdomo.

Damiani alimngojea. Dereva akapanda, injini ikawaka, na bado alimngojea, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayetega sikio. Lori lilipoanza kwenda kicheko kilikwisha kumtoka. Aliinua mkono, akaushusha, na vumbi likawafunika.

Habari zilizovuka mto baada ya hapo zilikuwa mbili, na zilipingana. Mtu mmoja alisema amemwona Damiani kwenye barabara ya huko ndani, analima, amekonda lakini yu hai. Mwingine, aliyekuja masika, alisema kwenye barabara hiyohiyo wamezikwa wengi, na Mmakonde mmoja aliyesema Kiswahili cha Lindi alikuwa miongoni mwao. Romana alizisikiliza zote mbili, akauliza tu kama aliyezikwa alikuwa na chale za mashavuni. Mtu yule alisema wote walikuwa nazo.

Romana alikataa kurudi kwa mjomba mpaka ajifungue. Alisema mtoto huyu atazaliwa Mchinga, palepale, na mjomba Tomaso, ambaye labda aliona amekwisha kushinda vya kutosha, alimwachia. Uchungu ulipomshika, alfajiri ya Ijumaa, alimtuma Mwahija amwite Nassibu.

"Mwambie akae nje ya mlango," alisema. "Asiondoke hata kwenda msikitini. Nataka asikie."

Nassibu alikaa. Alisikia kila kitu, mpaka kilio cha mtoto, na Mwahija akatoka akamwonyesha: mtoto wa kike, mwekundu, ngumi zimefumba. Siku ya arobaini ilipotimia, Romana alimbeba mtoto mgongoni, akamwambia Nassibu waende pamoja kwa jumbe.

Jumbe Abdurahmani alikuwa na daftari jipya, lenye mistari, ambamo tangu mwaka huo mtu aliweza kuandikisha mtoto akitaka. Wachache walitaka. Alivaa miwani, akachovya kalamu. Aliwafahamu wote wawili tangu zamani, na alipomwona Nassibu amesimama kuwa shahidi, midomo yake ilijiandaa kutabasamu, maana haijapata kutokea Nassibu akatajiwa mtoto wa mtani wake asimtukane mtoto, mama na ukoo mzima.

"Haya, shahidi," jumbe akasema. "Huyu nani, na ametoka wapi?"

Romana alimfungua mtoto mgongoni, akamshika mbele ili aonekane.

"Anaitwa Genoveva," Nassibu alisema. "Mama yake ni Romana, huyu. Baba yake ni Damiani, aliyezaliwa hapa Mchinga, uani kwa mama yangu. Na yeye amezaliwa hapa Mchinga, nyumbani kwangu, Ijumaa, saa ya adhuhuri. Nilikuwa mlangoni. Nilimsikia."

Jumbe alisubiri kidogo, kalamu imeinuliwa. Hakuna kilichoongezwa. Akaandika yote, na la Damiani akaliandika pia, ingawa hapakuwa na safu yake. Akanakili maneno yaleyale kwenye karatasi ya pili, akaitikisa ikauke, akairarua kwa uangalifu, akampa Romana. Romana hakujua kusoma. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kitambaa kifuani.

Kisha akamgeukia Nassibu. Kwa miaka yote aliyomjua alimwita mume mkavu, mla chokaa, kisukuku. Alikuwa amemwibia kuku na kummwagia maji mbele za watu, na Nassibu alikuwa amezoea kukaza mwili kila Romana alipomsogelea. Akakaza mwili sasa, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulifurahi.

Romana akapiga goti moja chini, mtoto mkononi, akainamisha kichwa kama mtu anavyomwinamia mzee wa mbali, asiye wa kwao.

"Shikamoo, mzee Nassibu," alisema. "Ahsante kwa msaada wako."

Alibaki ameinama, akingoja, kwa sababu mwenye adabu hainuki kabla hajajibiwa. Jumbe alivua miwani, akajitia kufuta vioo. Nassibu alisimama pale mpaka mtoto akaanza kulia, na kwa kuwa mwanamke alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ngumu, tena mzazi, ikambidi aseme.

"Marahaba," akasema.